Moshi wa Bastola, Mbio za Mita Mia

Stopwachi tatu zilipima mbio moja. Mbili zikakubaliana, moja ikakataa.

Ile iliyokataa ndiyo iliyokuwa sahihi. Na ndiyo iliyoua.

Ilikuwa mkononi mwangu.

Naitwa Erinayo. Nimekuwa kochi wa riadha vyuoni kwa miaka thelathini na moja, hapahapa Kampala. Kazi yenyewe niliisomea Nairobi, na Kiswahili hiki huko ndiko nilikokitoa. Nimefundisha wakimbiaji, warukaji, na wavivu wasiohesabika.

Watu wakitaka kunisifu kwenye sherehe husema, "Mzee huyu hajawahi kuandika muda wa uongo." Ukumbi mzima unapiga makofi. Mimi naangalia sahani yangu.

Leo acheni niwaambie kwa nini.

Mwaka 1977, mwezi wa tatu. Waliokuwepo wanajua ulikuwa mwezi gani. Ukiwa Mwacholi au Mlangi, jina lako peke yake lilitosha askari wa serikali wakuingize kwenye buti la gari, usionekane tena. Mimi ni Muganda. Nilikuwa nalala usingizi wangu vizuri tu, na hilo nalo linaniuma kulisema.

Chuoni kwetu, upande wa Bukoto, nilikuwa na kijana Mwacholi anaitwa Onen. Baba yake alikuwa sajini kwenye kambi ya jeshi kule Mbuya, mpaka siku alipoitwa ofisini na asirudi. Kaka yake akafuata. Akabaki yeye, dada yake Joska, na miguu yake.

Na miguu ile, jamani! Mazoezini nilimpima mita mia kwa 10.6 mara mbili. Na 10.6 ndiyo ilikuwa inatakiwa ili uingie timu ya vyuo inayokwenda Nairobi. Basi la timu lilikuwa na barua ya jeshi. Halikaguliwi kwenye kizuizi chochote mpaka mpakani. Kwa kijana kama Onen, hakukuwa na njia nyingine ya kutoka Kampala akiwa mzima.

Siku mbili kabla ya mchujo alinikuta nachanganya chokaa ya kuchorea uwanja.

"Kochi, mimi lazima niende na hii timu."

"Kila mtu anataka kwenda, Onen."

"Hapana, kochi. Wengine wakibaki wanakula posho na maharage. Mimi nikibaki nakufa."

Nikamshika bega. Nilimpenda yule kijana, Mungu anajua. Nikamwambia maneno niliyodhani ni ya hekima.

"Wewe fikisha 10.6. Hakuna atakayekunyang'anya kiti. Stopwachi haijui kabila."

Nilijisikia mtu mkubwa kweli kusema vile.

Sasa niwaeleze jambo moja la kazi yetu, maana kisa chote kiko hapo.

Wapima muda tunasimama kwenye utepe wa kumalizia, mita mia nzima kutoka kwa mwenye bastola. Bastola ikipigwa, moshi unauona palepale. Mlio unachelewa kukufikia, kama sehemu tatu za kumi za sekunde hivi. Kwa hiyo mpimaji anayejua kazi anabonyeza akiona moshi. Akisubiri mlio, stopwachi yake inaanza kwa kuchelewa, na mkimbiaji anaonekana kakimbia kasi kuliko alivyokimbia.

Hilo niliwafundisha wasaidizi wangu wawili mwezi mzima. Zubaida alikuwa karani wa ofisi ya michezo. Dawudi, binamu yake, alikuwa mtunza stoo. Wote Wanubi. Siku zile tuliona serikali ni ya kwao, kwa hiyo tuliwachekea usoni, na wakiingia chumbani tulibadilisha mazungumzo. Dawudi hasa. Niliamini kabisa kwamba anapeleka majina ya watu.

"Macho kwenye moshi!" nilikuwa nawafokea. Walishika haraka. Mazoezini hawakukosea hata mara moja.

Siku ya mchujo ikafika. Meja mmoja, mkubwa wa kamati, alikaa kwenye kiti cha kamba na soda yake. Onen alikuja macho mekundu. Usiku wa tatu huo alikuwa hajalala, anahama chumba hadi chumba.

Bastola ikapigwa. Nikaona moshi, nikabonyeza.

Alishinda, tena kwa mbali. Lakini mita thelathini za mwisho nilimwona mabega yanapanda, kichwa kinarudi nyuma. Nilijua kabla sijaangalia.

10.8.

Basi, nikasema moyoni, kijana amekwisha.

Zubaida akasoma yake kwa sauti. "Kumi nukta tano."

Dawudi akafuata. "Kumi nukta tano."

Sheria inasema hivi: stopwachi mbili kati ya tatu zikikubaliana, muda ni huo. Onen alikuwa amepita! Kiti chake kilikuwa kimepatikana. Kazi yangu ilikuwa kufunga mdomo na kuandika.

Lakini mimi si ndiye Erinayo bwana, kochi asiyekubali makosa. Zile sehemu tatu za kumi nilizijua zimetoka wapi, na zikaniwasha kama upupu. Mdomo ukatangulia akili.

"Nyinyi wawili mmesubiri mlio! Mwezi mzima nafundisha nini?"

Watu wakageuka. Zubaida akanitazama, na hajawahi mtu kunitazama vile tangu nizaliwe.

"Mwalimu," akasema polepole, "andika tu."

Dawudi alikuwa anaangalia nyasi.

Meja akavua miwani. "Kochi, muda ya nani iko sawa hapa?"

Hapo nilipewa nafasi ya pili. Ningesema, afande, nimekosea mimi, na dunia isingeanguka. Lakini nilishapayuka mbele ya watu. Nikigeuka, si wataniuliza kwa nini namtetea Mwacholi? Niliogopa. Nawaambia ukweli, kiburi changu kikauita woga ule uaminifu.

"Yangu, afande. Kumi nukta nane."

"Basi. Huyu hapana kwenda."

Onen alikaa chini akavua njumu zake. Alipopita mbele yangu alisimama.

"Asante, kochi. Stopwachi haijui kabila."

Hakusema kwa kejeli. Angenikejeli ningeshukuru.

Alhamisi ya wiki ileile askari wakamtoa darasani, mchana kweupe, wenzake wakiangalia madaftari yao. Hatukumwona tena. Joska alimtafuta mpaka akachoka.

Jumamosi basi likaondoka. Hakuna mwanafunzi mwingine aliyekuwa amefikisha muda wa mita mia, kwa hiyo kiti kile kilikwenda bila mtu. Walikiwekea gunia la unga. Gunia lilivuka mpaka salama.

Dawudi naye hakuonekana kazini tangu wiki ile. Nikasema afadhali, bila shaka wakubwa zake wamempandisha cheo. Zubaida akaacha kazi bila kuaga.

Mimi nikaendelea kufundisha. Nikapata sifa, nikapata na vikombe.

Mwaka 1988 nilikuwa napita sokoni Nakivubo kutafuta filimbi. Nikamwona mwanamke amepanga vikapu vya Kinubi kwenye turubai. Zubaida. Serikali ile ilipoanguka walikimbilia Sudan, watu wakiwawinda Wanubi kama walivyowahi kuwindwa wengine, na sasa alikuwa amerudi.

"Mwalimu Erinayo. Umezeeka."

"Na wewe pia."

Tukasalimiana. Ningeondoka na heshima yangu hapo. Lakini nilikuwa na swali nililolibeba miaka kumi na moja, na niseme ukweli, nililiuliza nikitaka kugawana naye lawama. Kama wasingekosea wao, mimi ningepayuka nini?

"Zubaida, siku ile ya Onen. Mlijua kazi vizuri. Mbona mlisubiri mlio?"

Aliendelea kupanga vikapu vyake.

"Mimi niliona ile moshi, mwalimu. Na Dawudi aliona. Muzuri kabisa."

Sikuelewa. Au nilielewa, nikakataa.

"Joska alikuja kwetu nyumbani, analia," akasema. "Dawudi akasema, kama huyu kijana akichoka, sisi tunangoja mlio. Tuko wawili, sheria iko na sisi. Wewe unasoma yako ya haki, hakuna mutu anaweza kukushika. Hatukukuambia kwa sababu wewe hapana jua kudanganya."

"Na Dawudi yuko wapi?"

"Meja alikaa akajiuliza, hawa wawili wanakosea sawasawa namna gani? Jumatano wakamchukua. Mimi walisema mwanamke hajui saa, wakaniacha."

Jumatano. Siku moja kabla ya Onen. Yule niliyemwita mpeleka majina alikuwa ametoa shingo yake kwa ajili ya mwanafunzi wangu, na mimi ndiye niliyewaonyesha wenye panga shingo hiyo.

Nikafungua mdomo kuomba msamaha. Zubaida akainua mkono.

"Nunua kikapu, mwalimu, ama ondoka. Nina wateja."

Nikanunua kikapu.

Ndugu zangu mnaosoma, sina mafunzo mengi. Ninalo moja, na limenigharimu watu wawili ambao hawakuwa wangu kuwatoa. Ukimwona mtu anayejua kazi yake anakosea mbele ya wakubwa, usikimbilie kumsahihisha. Jiulize kwanza anamkinga nani.