Sufuria ya Leso Nyekundu

Uvumilivu wangu uliisha siku ya wazazi, saa nane mchana, mwalimu aliyesimamia chakula aliponijibu viazi vyangu vikiwa bado mdomoni mwake: "Mama Atieno, hawa watoto wamezoea. Watakula wakifika kwao."

Nyuma yangu watoto wa Gredi ya Pili walikuwa wamepanga foleni juani tangu saa sita, sahani za plastiki mikononi. Wa tatu alikuwa wangu. Hakuwa analia. Angelia ningejua la kufanya. Alikuwa ananiangalia tu, vile mtu anavyomwangalia aliyemwahidi kitu. Niliingia chini ya hema, nikafika meza ya wageni, nikaizungushia leso yangu nyekundu ile sufuria ndogo na kuinyanyua mbele ya mgeni wa heshima akiwa ameinua kijiko. Nikatoka nayo.

Sasa Migori nzima naambiwa sina adabu. Kabla na wewe hujaitikia, wewe tuliyelelewa pamoja, hebu turudi kwetu Ogwedhi kidogo.

Unakumbuka siku ya mnada? Ng'ombe walikuwa wanapita kuanzia alfajiri, vumbi linaingia mpaka kwenye chai, na tukifika shule viatu vyetu vina rangi moja, hata vya mwalimu. Akina mama Wamasai walikuja na maziwa kwenye mitungi kutoka upande wa Narok. Ikifika alasiri, yaliyobaki yameanza kuchachuka na hakuna anayetaka kuyabeba kurudi nayo. Mama yangu alikuwa anangojea saa hiyo hiyo. Anawapelekea mboga na omena, wale dagaa wa ziwani, wanammiminia maziwa. Yeye alizaliwa kisiwani Rusinga, akalelewa kwa samaki, lakini kabla hajaolewa alifanya kazi jikoni kwa masista, na huko ndiko alikotoa ujuzi wa jibini.

Anaweka maziwa motoni, yakianza kufuka anakamulia malimau, na hapo hapo yanakatika, maji huku, mabonge kule. Anachuja kwa kitambaa, anakifunga fundo, anakiweka chini ya jiwe la kusagia. Asubuhi kuna jibini nyeupe, ya chumvi, inayovunjika ukiigusa. Haikuwa inavutika kama hii ya supermaketi. Ingevutika wapi na sisi tuliimaliza kabla haijajaribu.

Halafu viazi. Gorogoro kumi na zaidi, ile mikebe ya kupimia sokoni, kwa sababu mama hakujua kupikia watu wanne. Alijua kupikia kijiji. Tulikaa kwenye mkeka kumenya, na maganda yakiwa manene alikuwa anayaokota na kutuonyesha bila kusema neno. Viazi vinachemshwa nusu, vinakatwa vipande, vinapangwa kwenye sufuria: viazi, vitunguu, jibini, maziwa, tena viazi. Jiko la chini lina makaa machache. Makaa mengi yanakaa juu ya kifuniko. Nani alikuwa na oveni? Tulicheza michezo yetu ya kati na blada uani tukivizia, na harufu ikibadilika kutoka maziwa kwenda kitu cha kuungua kidogo, mchezo ulikufa wenyewe, hata aliyekuwa anashinda aliacha. Ule ukoko wa juu, wa kahawia, uliokwaruza ufizi, tuliugawana kama urithi. Mtoto wa siku hizi mtajie ukoko, atakuuliza kama ni ugonjwa wenye chanjo. Na mama zao, wenzangu na mimi, chakula kinapigwa picha mpaka kinapoa.

Lakini leso nyekundu haikuanza na furaha. Ilianza siku ya mazishi ya babu.

Nilikuwa na miaka saba. Mama alipika viazi sufuria tatu kubwa, na wakwe walipofika, kama kawaida yetu, wakapewa kwanza, wakapewa vizuri, wakaongezewa. Watoto tuliambiwa tungoje. Tukangoja. Wazee wakafuata, halafu kwaya, halafu waliochimba kaburi. Mchana ule mama alinikuta nyuma ya jikoni nimeingiza kichwa ndani ya sufuria tupu, nakwangua kwa kucha, mdomo nimeuchoma kwa ukingo uliokuwa bado wa moto. Hakunipiga. Aliketi chini kwenye majivu na nguo yake ya matanga, akaniosha mdomo. Akasema, "Nyathina, mwanangu, leo nimelisha watu wote isipokuwa wangu."

Tangu hapo, popote alipopikia umati, harusi, harambee, mazishi, alipika sufuria moja ndogo ya watoto. Aliifunga leso nyekundu, fundo juu ya kifuniko, ili hata mpishi mgeni ajue. Na hiyo ndiyo iliyofunguliwa kwanza. Wakwe walinung'unika mwaka mmoja, miwili, wakazoea. Nyinyi wa rika langu mlikula kwenye sufuria hiyo. Hakuna aliyewauliza ni watoto wa nani.

Basi shule ilipoomba wazazi tupike kwa siku ya wazazi, nilifanya vilevile. Niliagiza maziwa yaletwe kutoka Ogwedhi, nikakamua malimau mpaka vidole vikawasha. Nilipika tangu alfajiri, sufuria mbili kubwa za wageni na wazazi, na ile ndogo. Nilimwahidi Atieno kwamba mwaka huu darasa lao litakula kwanza. Mwaka jana walipewa biskuti mbili mbili jua likishuka.

Nilipofika nilimwonyesha mwalimu mwenyewe. Nikamwambia hizi kubwa ni za watu wazima, hii ya leso ni ya Gredi ya Pili. Aliitikia kwa kichwa, simu sikioni. Nikaenda kupanga viti. Niliporudi, leso imefunguliwa, sufuria iko mbele ya mgeni wa heshima.

Hilo la kwanza nililielewa. Huku kwetu chakula kilichofungwa leso na kuletwa kwenye mkutano ni cha mkwe, ni cha mkubwa. Mtu yeyote angefikiri hivyo. Kwa hiyo nilimwendea kwa upole, nikamwita kando, nikamweleza tena: Mwalimu, hiyo ni ya watoto, kubwa mbili ziko pale hazijaguswa, badilisha tu. Alinisikia. Alielewa. Akasema itakuwa aibu kuondoa chakula mbele ya mgeni. Nikamuuliza aibu ya watoto je? Ndipo akanijibu kwamba wamezoea.

Hilo neno ndilo lililonibeba. Wamezoea nini? Nani aliwazoesha?

Niliwapakulia mwenyewe, nimepiga magoti kwenye nyasi. Vijiko viwili viwili, kwa sababu meza ya wageni ilikuwa imeshakula robo. Atieno alipofika mbele yangu alinong'ona, "Mama, wewe unagombana?" Nikamwambia hapana, ninapakua. Watoto wote walipata. Ukoko ulikuwa umeliwa hemani.

Siku ya masomo iliyofuata Atieno alirudi nyumbani saa tatu asubuhi, begi mgongoni, kibarua kilichoandikwa na shule mkononi. Kinasema asikanyage darasani mpaka mzazi wake aombe msamaha mbele ya paredi ya wanafunzi. Ana miaka saba. Umri uleule wangu wa kichwa ndani ya sufuria. Alikaa mlangoni na yunifomu siku mbili, hataki kuivua, ati wakimwita asichelewe.

Jirani zangu walinishauri niombe tu, maneno hayavunji mfupa. Mume wangu alisema nifanye moyo unavyotaka, lakini aliangalia ile yunifomu aliposema. Usiku sikulala vizuri, sikatai. Nilijua nikikosea hapa, atakayelipa si mimi.

Asubuhi nilimpigia mama. Nikamweleza yote, hema, mgeni, kibarua. Akauliza kitu kimoja tu.

"Walikula?"

Nikasema walikula.

"Basi andika barua. Mwandiko wako ulikuwa mzuri."

Enzi zile mtu mzima aliyekosea mtoto alikaa kwenye majivu na nguo safi. Leo anatuma kibarua. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi, mbali na simu na oveni. Niliipeleka barua mwenyewe ofisi ya elimu. Karani aliisoma, akaniuliza kama kweli nataka ipokelewe, kwa sababu shule itajua. Nikamwambia agonge muhuri. Akagonga. Nakala ninayo, na inasema hivi:

*Kwa Afisa wa Elimu wa Kaunti Ndogo.*

*KUH: MALALAMIKO KUHUSU MWANAFUNZI KUTOLEWA DARASANI*

*Mimi ni mzazi wa Atieno, Gredi ya Pili. Mtoto wangu ametolewa darasani kwa kosa ambalo si lake. Aliyechukua sufuria ni mimi, na niliichukua mbele ya watu wote.*

*Siku ya wazazi, watoto wa darasa hilo walisimama juani kwa muda wa saa mbili na sahani tupu, ilhali chakula kilichopikwa kwa ajili yao kilikuwa kinaliwa na wageni. Nilimweleza mwalimu mara mbili. Mara ya pili alielewa, akakataa.*

*Ninaomba mtoto arudi darasani mara moja. Ninaomba kibarua kiondolewe kwenye faili yake. Ninaomba mwalimu aambiwe kwamba watoto hawajazoea njaa.*

*Msamaha sitaomba. Mgeni wa heshima nikimwona nitamsalimia vizuri, kwani yeye hakujua.*

*Siku ya wazazi ijayo nitapika tena, sufuria mbili kubwa na moja ndogo. Ndogo itakuwa na leso nyekundu. Ninaomba ofisi yako ije ishuhudie ikifunguliwa kwanza.*

*Wako mwaminifu,*
*Mama Atieno.*