Kurasa za Mwisho za Mzee Gundi

Mzee Gundi, fundi viatu, alikuwa na vitabu vya katuni elfu moja mia moja na kumi na sita. Mkewe alikuwa na magoti mawili. Kwa miaka yote ya ndoa yao vitu hivyo havikuwahi kugombana, mpaka goti la kushoto lilipogoma. Mama akalazwa, akapasuliwa, na siku ya tatu daktari akamvuta fundi pembeni.

"Anaendelea vizuri, mzee. Ila ngazi azisahau."

Sasa, nyumba yao ilikuwa nyembamba na ndefu kwenda juu, kama boksi la buti lililosimamishwa. Walilala juu. Chini, mbele, alishonea viatu. Chini, nyuma, kulikuwa na chumba ambacho kingemfaa mgonjwa kabisa: choo karibu, na dirisha linalotazama saluni ya Kinyozi ng'ambo ya kichochoro. Tatizo ni kwamba mlango wake ulifunguka nusu tu. Ndani mlipangwa maboksi ya viatu tangu sakafuni hadi darini, na katika kila boksi, badala ya viatu, katuni. Wapita njia wakichungulia walidhani ni stoo.

"Mzee, una namba arobaini na mbili?"

"Ninayo," alijibu bila kuinua macho, "ila haivaliki."

Aliyemletea amri ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, mshona mapazia, mwanamke ambaye futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani. Jumatatu alisukuma mlango kwa bega, akaingia kwa ubavu, akapima.

"Chumba kina futi kumi, shemeji. Saba ni za makaratasi yako. Hizo tatu dada alale amesimama?"

"Nitapunguza."

"Usipunguze. Toa. Ijumaa anaruhusiwa. Nikikuta kitanda hakijaingia, namchukua kwangu. Na unanijua, mimi nikishachukua kitu sirudishi. Uliza lile sufuria lenu."

Mzee Gundi alicheka kidogo tu. Zile siku chache za hospitali zilikuwa zimemtosha. Kila asubuhi alichemsha chai ya watu wawili, akamwaga ya mmoja. Jana yake, akitoka, alijikuta anaiaga redio.

Basi akaanza kazi siku ileile: huku vya kutoa, huku vya kubaki. Shemeji aliporudi Jumatano, upande wa kubaki ulikuwa umefika darini tena, kwa mpangilio mzuri zaidi. Upande wa kutoa kulikuwa na vitabu vitatu. Viwili vilikuwa pacha, na cha tatu panya alikwisha kukianza.

"Vitatu," shemeji alisema. "Kwa mwendo huu dada atahamia humu pamoja na wajukuu wa wajukuu zake."

"Si kazi ya papara, shemeji. Kila kimoja lazima nikisome kwaheri."

"Ukisome nini?"

"Kwaheri. Huwezi kumtoa mtu nyumbani bila kumuaga."

"Lete hapa nimwone huyo mtu anayemkosesha dada yangu kitanda." Akaketi juu ya boksi, akachukua kitabu cha juu kabisa, akaanza kufunua. Mwanzoni alisoma kwa dharau, mdomo pembeni. Kufikia katikati mdomo ulikuwa umerudi mahali pake. Mzee Gundi alipoona kidole kinakaribia mwisho akaanza kukohoa.

"Shemeji, hicho hakina mwisho wa maana."

Alikuwa amechelewa. Ukurasa wa mwisho haukutoka kiwandani. Ulichorwa kwa kalamu ya wino kwenye karatasi nzito ya kukatia vipimo vya soli, ukashonewa kwa uzi wa viatu. Majitu matatu yenye pembe, ambayo kwa kurasa thelathini yalikuwa yakila mji na madaraja yake, sasa yalikuwa yamepanga foleni kwa adabu. Mbele yao alisimama mama mnene wa kilemba, upawa mkononi, na juu ya kichwa chake maneno: "Mmoja mmoja! Anayesukuma haongezewi!"

Mke wa fundi alikuwa mpishi wa shule kwa miaka ishirini.

Shemeji akaitazama picha, akamtazama fundi, akarudi kwenye picha. "Huyu si dada?"

"Anafanana naye kidogo."

"Kidogo? Hata pengo la jino!" Akanyakua kingine. Dada. Akanyakua kingine. Dada tena, yuko angani, amempanda nyoka anayeruka na kumshika masikio. "Nyoka ana masikio?"

"Huyo anayo."

Shemeji alicheka mpaka futi ikamdondoka shingoni. Ikabidi fundi aeleze. Alipokuwa kijana alikusanya magazeti makuukuu ya kujazia viatu visijikunje. Siku moja alikuwa amekwisha kusokota nusu ya kitabu cha katuni ndani ya kiatu cha mteja ndipo jicho lake likaangukia nusu iliyobaki. Akasoma amesimama, nyundo mkononi, hadi pale shujaa alipokuwa ananing'inia kwa kidole kimoja, na hapo karatasi zikaisha. Mwisho ulikuwa umekwenda nyumbani ndani ya ncha ya kiatu. Alikimbia hadi kwa mteja akakuta mwisho umewashiwa jiko. Akarudi akauchora mwenyewe. Tangu hapo akaanza kukusanya, na kitabu kikuukuu, kama ujuavyo, hudondosha ukurasa wa mwisho kwanza. Vya namna hiyo vilifika kama mia nne. Na kila alipokwama asijue dunia itaokolewa vipi, alimwona mtu mmoja tu anayeiweza kazi hiyo.

"Na dada anajua?"

"Ajue wapi? Yeye anaviita takataka zako. Na asijue, shemeji, nakuomba. Akijua ataniuliza kwa nini kwa mdomo sijawahi kumwambia."

Shemeji akaiokota futi yake, akairudisha shingoni. Lakini Ijumaa ilikuwa palepale. Kinyozi alikwisha kutuma salamu kwamba atavichukua vyote, viwaliwaze wateja kwenye benchi. Vikibaki, mke anakwenda kwa mdogo wake. Vikitoka, mtaa mzima utamwona mke wake akiyapa majitu vidonge vyao, na dirisha la mgonjwa linatazama palepale. Mzee Gundi alichukua kisu cha kukatia soli, akafungua kitabu cha kwanza, akaweka makali kwenye mshono. Yule mama wa upawa alimtazama. Kisu kikarudi mezani. Alijiambia ni kwa sababu muda hautoshi.

Alhamisi asubuhi Kinyozi alikuja na mkokoteni.

"Wateja wanawe mikono," fundi alimwambia.

"Watanawa, mzee."

"Wasikunje pembe. Wasilambe kidole. Na nywele zisiingie katikati."

"Mzee wangu, ni saluni. Nywele nitaziambia ziende wapi?"

Ilichukua safari tano. Safari ya mwisho fundi alishika boksi upande mmoja, Kinyozi upande wa pili, wakavutana kidogo kwa heshima, kila mmoja akijifanya anamsaidia mwenzake. Kisha Mzee Gundi akaachia. Alirudi chumbani, akasema "haya" kwa sauti, na sauti ikamrudia. Hakuwahi kujua kuta zile ni za kijani.

Ijumaa kitanda kiliingia, na juu ya kitanda akaingia mama, amechoka, anatazama huku na huku kama mtu aliyekosea nyumba. "Takataka ziko wapi?" Akaambiwa kwa Kinyozi. Akamtazama mumewe, akaomba maji.

Jumamosi balaa likaanza. Mteja mmoja, kichwa nusu kimenyolewa, alitoka saluni na shuka shingoni akaja kusimama dirishani. "Ndiye!" aliita nyuma. "Kinyozi, ndiye mwenyewe!" Wakaja wengine wawili, mmoja ana povu kidevuni.

"Mnataka nini nyie?" mama aliuliza.

"Shikamoo, mama. Tumekuja tu kukuona. Lile joka la vichwa saba ulilitandika vizuri sana."

Mama akageuka. Mdogo wake alikuwa anauma pazia asicheke. Mumewe alikuwa karakanani, anapigilia msumari ambao tayari ulishaingia wote.

"Leteni hicho kitabu."

Kililetwa. Alisoma polepole, toka mwanzo, hakuruka. Kwenye ukurasa wa mwisho alikaa muda ambao chai ingechemka ikapoa. Nyundo karakanani ilinyamaza.

"Baba," aliita. Fundi akaja, akasimama mlangoni, aproni mikononi. "Upawa mimi nashika kushoto. Miaka yote hii hujaona?"

"Nitarekebisha."

"Na kiuno hiki ni cha nani?"

"Ni... nilikuwa kijana nilipochora hicho."

Mama akafunga kitabu, akakiweka kifuani chini ya viganja vyote viwili. "Mdogo wangu," alisema, "nenda kapumzike. Mimi sihami. Siwezi kuwaachia wanaume wenye povu wajue habari zangu kabla yangu."

Tangu hapo Mzee Gundi anavuka kichochoro kila siku baada ya chakula cha mchana, anaazima kitabu kimoja kama mteja mwingine yeyote, ananawa mikono mbele ya Kinyozi ili awe mfano, na kumpelekea mkewe. Mkewe anasoma, analalamika, anakirudisha. Siku moja akapewa kimoja ambacho kilikuwa bado na ukurasa wake wa kiwandani. Alikifikisha mwisho, akageuza nyuma, akatikisa kama anayetafuta kilichodondoka.

"Hiki mbona kimeisha vibaya?"

"Ndivyo kilivyotoka, mama. Hicho sikukigusa."

"Basi kiguse. Ng'oa huu ukurasa, umalizie wewe."

"Siwezi. Si changu tena. Ni cha Kinyozi."

Mama alijisogeza hadi dirishani, akaufungua ubao mmoja wa dirisha, akavuta pumzi ya mpishi wa shule.

"Kinyozi! Njoo hapa mara moja!"

Na ng'ambo ya kichochoro, kwenye benchi, watu saba wakajipanga foleni.