Kidebe cha Mafuta ya Taa

Mjukuu wangu, yule anayesomea udaktari, anajaza stovu, na harufu ya mafuta ya taa inanipanda puani mpaka kooni.

Siku ile, nami bado msichana, mamangu alikuwa hajiwezi kitandani, akitetemeka kwa baridi na jua la mchana linawaka. Shangazi akanipa kidebe. "Kimbia dukani, tumpashie mamako maji ya kumkanda. Na usisimame njiani!"

Nikanunua, kisha nikaingia ukumbi wa sinema hapo Likoni, madirisha yamezibwa magunia. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya shuka la kuonyeshea picha, tukiiona kinyume. Nikakikalia kidebe changu. Kwenye picha dunia ilikuwa imekwisha, imebaki mchanga na magari yasiyo milango, na watu wanauana kwa ajili ya petroli. Lori likapinduka, likawaka. "Kanyaga, baba, kanyaga!" bibi mmoja kando yangu akampigia dereva kelele, kama kwamba anamsikia. Nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Wallahi, sijapata kuona tena picha kama ile. Nikakaa mpaka mwisho.

Nyumbani nilikuta viatu vimejaa mlangoni. Ndani wanawake walikuwa wakikata sanda. Uani sufuria kubwa imetelekwa mafigani, inatoka mvuke. Nikamnyooshea shangazi kidebe.

"Kiweke hapo," akasema. "Maji ya kumkoshea tumeshachemsha kwa kuni."

Nikakiweka. Viganja vilikuwa bado vinawasha.