Bei ya Kunyonya Karo

Watu wanaojenga hapa Tukuyu huniuliza mimi, mwalimu mstaafu, kunyonya karo la choo ni bei gani. Nawajibu kwa hasira, wananiona mkorofi. Haya, leo naeleza.

Zamani gari la kunyonya lilikuwa la serikali. Ulijaza fomu bomani, ukalipa ada ndogo, ukasubiri hata mwezi, lakini lilikuja. Ilipoingia biashara huria gari lile likawekwa juu ya mawe, nyasi zikaota mpaka mlangoni, nasi tukaambiwa tumtafute mtu binafsi Mbeya. Ruksa, kila mtu ajipangie bei yake. Naye alijipangia kweli!

Masika ya mwaka uliofuata tulikuwa tunakaa na baba mkwe. Alitoka kijijini kwake Lufingo kuja kuchomwa sindano za kifua kikuu hospitalini hapa, kila siku asubuhi kwa miezi miwili, na daktari alituonya kwamba akiacha katikati atakufa. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, wala hawaingii choo kimoja. Si ugomvi, ni heshima. Choo chetu cha ndani, cha kuvuta maji, nikamwachia yeye. Mimi nikawa naenda kwa jirani, kwenye shimo lake nyuma ya migomba, mwavuli mkononi. Sikunung'unika. Yule mzee aliuza ng'ombe wake ili mume wangu asome.

Wiki ya tatu choo kikagoma. Ukivuta, maji yanapanda badala ya kushuka. Karo limejaa, na lenyewe halina hata mwaka! Kuchimba shimo jingine hakukuwezekana, maana masika ya kwetu ukichimba futi nne tu unakutana na maji. Na kwa jirani mzee asingeenda kamwe, kwa kuwa nilishaingia mimi.

Mume wangu akapanda basi kwenda Mbeya. Aliporudi akanitajia bei. Tripu moja ilikula mshahara wangu wa mwezi mzima. Juu yake mafuta ya kupandia milima toka Kiwira. Juu yake mpira wa kuongezea, ati nyumba yetu iko mbali na barabara. Juu yake sabuni ya vibarua. Sabuni, jamani! Nikauza cherehani yangu, tukalipa.

Siku ya kazi mvua ilikuwa inamwagika. Baba mkwe alikaa barazani, kwa hiyo mimi niliyelipa nilijifungia jikoni, nasikia mashine tu inavyonguruma. Mwenye gari akafunua mfuniko, akanyonya, akaondoka. Mume wangu akaja jikoni amefurahi. "Imeisha, mama watoto. Maji yalikuwa mepesi kabisa."

Siku ya nne choo kikajaa tena. Tulipompelekea habari mwenye gari, akajibu kwamba huko chini kuna tope, na tope ni tripu nyingine. Bei ile ile. Hatukuwa na kitu kingine cha kuuza.

Kuanzia hapo sahani ya mzee ikawa inarudi jikoni na chakula chake. Ndizi nilizompikia kwa maziwa anagusa kidogo, anaacha. Nikadhani ni ugonjwa. Kumbe alikuwa anajinyima kula ili asihitaji choo. Mgonjwa wa kifua anashinda njaa nyumbani kwa mwanawe! Nikamwambia mume wangu amsihi aende tu kwa jirani, Mungu anaona. Mzee akamjibu, nami nasikia nyuma ya mlango, "Siwezi kumvunjia heshima mke wako. Amenitunza."

Kesho yake akachukua blanketi lake, akarudi Lufingo, sindano zimebaki zaidi ya nusu. Tulimzika mwaka ule ule.

Baada ya matanga nikaonyeshwa yule mwenye gari sokoni Kiwira, anachagua viazi. Nikamwambia mimi ni nani, nikamvaa mbele za watu. Wala hakuona haya.

"Mwalimu, karo lenu linajaa mvua tu. Mfereji wa kukinga maji ya bati umeingizwa humo humo. Niliuona siku ile nilipofunua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Mimi nauza tripu. Hii ni biashara huria, mwalimu."

Mwizi mkubwa! Alijua. Alisimama pale akaangalia mvua ikimiminika karoni mwangu, akanitoza mshahara mzima kuibeba mvua ya Tukuyu kwenda kuimwaga sijui wapi, kisha akarudisha mfuniko.

Nyumbani nikambana mume wangu. Akakiri. Wakati wa kujenga, fundi alimshauri maji ya bati yaingie karoni, ati yatasafisha choo yenyewe, wala hawatahangaika kuchimba mtaro mwingine. Akaona ni ujanja. Mtu mzima, aliyezaliwa hapa hapa, mahali ambapo mvua haijui kunyamaza! Nilimsema siku hiyo mpaka sauti ikanikauka, naye analia, baba ni wake.

Nikaazima msumeno kwa jirani, nikapanda juu ya stuli, nikaukata ule mfereji kwa mkono wangu. Sikulipa hata senti. Maji ya karoni yakanywea ardhini yenyewe taratibu. Halafu mvua ikanyesha wiki nzima, usiku na mchana, na choo cha baba mkwe kikawa kinavuta vizuri.