Usinga Kutoka Robanda

Mwalimu Ghati ameniambia niandike jinsi usinga ulivyofika kwenye chumba chetu, ili watoto wakiuliza wasipewe majibu tofauti. Mimi niliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa polepole, lakini safari niliifanya mwenyewe, kwa hiyo nitaeleza nilichokiona.

Chumba chenyewe kiko katika shule ya msingi niliyosoma, kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Tarime. Zamani kilikuwa stoo ya majembe. Mwalimu Ghati alipostaafu alikiomba, akaanza kukusanya humo vitu vya enzi za Baba wa Taifa: redio kubwa ya mbao ambayo watu walikuwa wakiizunguka kumsikiliza, khanga yenye picha yake, kadi za chama za wazee waliokwisha kufa, na picha moja ya mkutano ambayo mvua iliila upande. Rafu nilitengeneza mimi. Vijana wengi wa rika langu wako Nyamongo kwenye dhahabu. Mimi kelele za machimboni siziwezi, na kuongea mbele ya watu kunanipa shida tangu nikiwa mdogo.

Katika vitu vyote hivyo hakuna hata kimoja ambacho yeye mwenyewe alikishika. Bibi yangu aliposikia, akasema kwao Robanda kipo. Bibi ni Mwikoma, aliolewa huku kwetu kwa Wakurya akiwa msichana. Alisema Baba wa Taifa alipopita pande zile, nzi walikuwa wengi mkutanoni kwa sababu ya ng'ombe, akatumia usinga wa baba yake bibi kujifukuzia nzi mpaka mkutano ukaisha. Usinga huo sasa uko kwa kaka yake, Mzee Makuru.

Tulipiga simu. Akapokea mkwe wa mzee, Mama Sasi.

"Huo mkia wa nyumbu?" alisema. "Njoeni muuchukue wiki hii hii. Kijana wa jirani amekamatwa na nyama kavu ya porini, yuko ndani mpaka leo. Mimi sifungwi kwa ajili ya mkia. Msipokuja nauchoma."

Sisi tulidhani ni mkia wa ng'ombe. Kwa wasiojua, sehemu yoyote ya mnyama wa porini, hata nywele zake, ni nyara za serikali, na ukikutwa nayo bila kibali ni kesi. Mwalimu Ghati alinitazama. Bibi naye, ambaye macho yake hayaoni vizuri siku hizi, aligeuza uso upande wangu. Nilitaka kusema siwezi. Nilichelewa kusema, na kunyamaza kwangu kukachukuliwa kuwa nimekubali.

Asubuhi ya safari nilipanda basi la Mugumu nikiwa na begi moja lenye shuka na sabuni. Bibi alikuwa amenipa pia sukari ya kumpelekea kaka yake. Nyamongo wachimbaji walishuka, wakabaki akina mama wenye mizigo ya sokoni. Tulipovuka daraja la mto Mara maji yalikuwa ya rangi ya udongo. Kila mtu alikuwa akizungumza na jirani yake. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi kichwani ya maneno nitakayosema nikifika: shikamoo babu, mimi ni mjukuu wa dada yako. Nilikuwa nimeyasema mara nyingi mpaka yakaanza kunichanganya.

Mugumu nilimpata kijana wa bodaboda anayeitwa Wambura, mtu wa Nyambureti. Aliniuliza kabila, nikamwambia.

"Mkurya anakwenda Robanda bila fimbo?" alisema. "Au wenzako wamebaki porini wanasubiri giza?"

Nilicheka kidogo. Nilijua kwamba huku Wakurya tunasifika kwa wizi wa ng'ombe, na kwamba ni utani, lakini mtu mwenye hofu utani haumkai vizuri.

Kabla ya kufika Ikoma tulikuta kizuizi, mti umelazwa barabarani. Askari wa wanyamapori alitoka kwenye kibanda, akafungua begi langu, akakunjua shuka lote, akainusa mpaka ile sukari. Kisha akaturuhusu. Wambura alipoona mikono yangu inatetemeka akaniuliza, "Unakwenda hujabeba kitu unatetemeka hivi. Kurudi itakuwaje?"

Swali lake niliingia nalo Robanda.

Mchana Robanda jua lilikuwa kali. Nyumba ya Mzee Makuru iko mwisho wa kijiji, na shamba lake linaishia karibu na pori. Nusu ya mahindi ilikuwa imelala chini. Tembo walikuwa wamepita. Kwenye kamba kulining'inizwa makopo ya kupigia kelele, na wajukuu wawili walikuwa wakiyakaza upya. Mama Sasi alinipokea begi, akanipa maji, na kabla sijayamaliza akasema, "Unaondoka nao leo au kesho?"

Mzee alikuwa amelala kitandani karibu na mlango, kifua kinamsumbua. Yale maneno yangu ya njiani yalinipotea yote. Nikasema shikamoo tu.

"Marahaba. Huyu ndiye mjukuu wa yule mwizi wa ng'ombe aliyemchukua dada yangu?"

"Ndiyo, babu."

"Ng'ombe wa mahari alileta wake au wetu?"

Mama Sasi alicheka, nami nikacheka, na kwa mara ya kwanza siku ile nilipumua. Mzee alimtuma mkwe wake. Mama Sasi alipanda juu ya kinu, akaingiza mkono kwenye nyasi za paa la ghala, akashuka na kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa mbolea. Hakumpa mzee mkononi. Aliuweka juu ya kigoda, mzee akauchukua mwenyewe na kuufungua.

Mpini ni wa mti mwekundu, umelainika kama kijiko cha zamani. Mkia ni mweusi, mrefu, umefungwa kwenye mpini kwa waya wa shaba. Nilinyoosha mikono yote miwili kuupokea, kwa heshima, kama tunavyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa.

Mzee aliurudisha kifuani haraka. "Mimi sijafa," alisema.

Nilibaki na mikono hewani. Mama Sasi ndiye aliyenieleza. Katika ukoo wao usinga wa mwenye mji, yaani mkuu wa boma, haupokewi mkono kwa mkono. Ukiupokea kutoka mkononi mwake ni kama umempokonya mji wake angali hai. Unawekwa kwenye kigoda au chini, na anayeutaka anainama kuuchukua.

"Hata Baba wa Taifa," alisema mzee. "Marehemu baba aliuweka kwenye kigoda mbele yake. Akainama, akauchukua. Mkutano ulipoisha watu wote walikuwa wanatazama mkono wake. Hakumpa mtu. Aliurudisha palepale kwenye kigoda. Hakuna aliyekuwa amemwambia."

Kisha akauweka kwenye kigoda na kuusukuma upande wangu. Nikainama.

Jioni tulikula ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na Mama Sasi alinieleza mpango wake. Angeushona usinga ndani ya shuka langu, na juu yake aweke gunia la mtama. "Ukifika kizuizini unawasalimia tu kama mtu anayerudi kwao," alisema. "Usiwatazame sana. Wala usitazame chini." Nililala nikifikiria mahali pa kutazama.

Asubuhi Wambura alikuja kunichukua kama tulivyopatana. Shuka lilikuwa tayari limeshonwa. Nikalibeba, nikapanda pikipiki. Sikuwa nimesema neno, lakini Wambura aligeuka akanitazama usoni, akazima injini.

"Mura," aliniita, kama vijana wa kwetu wanavyoitana, "una nini?"

Nikamwambia. Akasema, "Pikipiki ni ya tajiri, na mimi nina mtoto mchanga. Mtu mwingine angepita. Wewe uso wako utaanza kujibu kabla hawajauliza."

Alisema kweli. Niliona njia mbili. Nirudishe usinga, na Mama Sasi angeuchoma kabla jua halijazama. Nipite nao, nikamatwe, mimi na Wambura na pikipiki ya watu. Sikuona njia ya tatu, mpaka nilipogundua kwamba kitu pekee ninachoweza kumwambia askari bila kutetemeka sana ni ukweli kama ulivyo. Nilimwomba Mama Sasi mkasi. Hakutaka kunipa. Mzee akasema kutoka ndani, "Mpe." Nikafumua nyuzi, nikautoa usinga ndani ya shuka, nikaushika wazi.

Wambura alinipeleka, akasimama mbali na kizuizi. "Ukikamatwa wewe hunijui," alisema. Lakini hakuondoka.

Kizuizini siku hiyo alikuwapo askari wa kike. Kwa lafudhi yake alikuwa mtu wa mbali, baadaye aliniambia ni wa Singida. Nilitembea kwenda kwake na usinga mkononi. Aliuona kabla sijafika, akainuka.

"Hicho ni nini?"

"Shikamoo afande. Ni mkia wa nyumbu. Nimekuja kuuonyesha."

"Kuuonyesha?" Akanyoosha mkono. "Lete."

Nikainama, nikauweka kwenye benchi lake.

"Nimesema lete, wewe unaweka. Unanidharau?"

"Hapana afande. Haupokewi mkononi."

"Na nani?"

Hapo ndipo nilipoongea kuliko nilivyowahi kuongea maishani mwangu. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati: nzi, mkutano, bibi, chumba cha shule, mzee kusema hajafa. Nilipofika mwisho nilirudi mwanzo. Yeye alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye mkanda, akinitazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi mabaya.

"Sasa kwa nini hukuficha kama wenzako?" aliuliza.

"Sijui kuficha, afande."

Alimwita mkubwa wake kwa redio. Nikaambiwa nikae chini kando ya benchi, nikakaa. Jua lilipanda. Magari ya watalii yalipita, na kila lililosimama nilifikiri ndilo litakalonibeba. Nilifikiria bibi akiambiwa mjukuu wake yuko rumande. Wambura alikuwa bado amesimama kule mbali chini ya jua, kofia usoni.

Mkubwa alipofika alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Alisikiliza maelezo kutoka kwa yule askari, siyo kwangu, na yule askari alieleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi. Mkubwa akasema mkia ni mali ya serikali na hauwezi kupita bila kibali. Lakini kwa kuwa nimeuleta mwenyewe, na ni wa zamani, hatanipeleka popote. Mkia ubaki. Mti si nyara, mti naweza kwenda nao.

"Ufungue hapa hapa," alisema.

Nikasema siwezi, siyo wangu. Niliona uso wake unabadilika, nikaongeza haraka kwamba mwenyewe yuko hai, naomba nimuulize. Wakaniruhusu kupiga simu. Mama Sasi alimpelekea mzee simu. Nilimweleza huku kifua chake kikisikika kwenye simu.

"Nyumbu hao hapo, wanapita kila mwaka maelfu," alisema mzee. "Yeye alishika mkia au alishika mpini?"

"Mpini, babu."

"Basi unaniuliza nini? Fungua."

Waya ulikuwa mgumu na vidole vyangu vilikuwa na jasho. Kila mzunguko niliokunjua ulitoa vumbi jeusi. Mkia ulipotoka, mpini ulionekana mdogo sana, kama fimbo ya mtoto. Yule askari wa kike aliuchukua mpini benchini, akaugeuza, akapitisha kidole gumba mahali palipolainika. Kisha nikanyoosha mkono kuupokea, maana nilikuwa nimechoka na nimesahau kila kitu.

Hakunipa. Aliuweka kwenye benchi.

"Chukua," alisema.

Safari ya kurudi siikumbuki vizuri. Wambura aliongea njia nzima mpaka Mugumu, akirudia jinsi nilivyotembea, na kwenye basi nililala nikiwa nimeubana mpini kwapani.

Nyumbani Mwalimu Ghati aliutazama mpini mezani. Nilijua alikuwa ameshaiona kichwani rafu ikiwa na usinga mzima. Bibi ndiye aliyeinama, akapapasa mpaka akaupata. Alitafuta kwa vidole pale palipolainika, akapapata, akatulia.

"Ndiyo," alisema. "Mkia ulikuwa unaanguka kila mara hata zamani. Baba alishaubadilisha."

Wiki iliyofuata jirani alichinja ng'ombe wa harusi, akatupa mkia. Niliuosha, nikaukausha, nikaufunga kwa ule ule waya wa shaba.

Siku ya kwanza watoto kuuona, mvulana wa darasa la nne aliuliza kama nywele ni za enzi za Baba wa Taifa. Mwalimu Ghati alinigeukia ili nijibu mimi. Watoto walikuwa wengi, wote wakinitazama. Nilisema nywele ni za ng'ombe wa harusi ya mwezi uliopita. Nikaonyesha mpini: "Yeye alishika hapa."

Mvulana akanyoosha mikono yote miwili, kwa heshima, kama anavyofundishwa. Nikauweka kwenye kigoda, nikarudi nyuma hatua moja. Alisubiri kidogo, akanitazama, akautazama, halafu akainama.