Kamanda Aliyefunga Maji

Severina Qamara hana hata kile Kiingereza cha kuombea maji, na bado ndiye mtafsiri bora wa picha niliyewahi kumsikia. Aliishia darasa la saba, akaolewa, akafiwa na mume, akabaki na televisheni, sola mbili na kibanda cha mabati. Kila Jumapili baada ya ibada anachomeka flashi aliyojaziwa picha mjini Dongobesh, anashika maikrofoni, anatazama midomo ya wazungu na kutuambia wanasema nini.

Mimi naitwa Kissa, mwalimu wa Kiingereza, mtu wa Tukuyu niliyepangiwa kazi huku. Jumapili yangu ya kwanza kibandani nilijifanya kumsahihisha. Severina alizima spika akaniuliza, "Mwalimu, wewe umekuja kusikia walichosema au umekuja kuangalia picha?" Watu walicheka mpaka machozi. Nikakaa, na sijamsahihisha tena.

Nataka kumwelezea Severina, lakini siwezi kumwelezea bila kumtaja Baltazar, na nikimtaja Baltazar damu inanichemka. Mtanivumilia.

Baltazar alikuwa shujaa, sisemi kwa kejeli. Kijiji chetu, ambacho jina silitaji kwa sababu wenyewe wanajijua, kiko juu mlimani. Zamani wanawake waliteremka na punda mwendo wa saa mbili kwenda kuchota maji kwenye lambo la ng'ombe. Mzee Qamara, baba yake Severina, ndiye aliyeijua chemchemi ya msituni. Alimshika Baltazar mkono akampeleka, na Baltazar akawainua watu. Walichimba mtaro wa kilomita saba kwa jembe na sululu, miezi mitano. Mkono wake wa kushoto hauna kidole cha mwisho hadi leo, jiwe lilikiponda huko huko mtaroni. Siku maji yalipotoka bombani akina mama walimbeba juu juu wakiimba. Wakampa uenyekiti wa kamati ya maji na ufunguo wa koki kuu, naye akauvaa shingoni.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu aliposifiwa aliyachukua maji yenyewe. Alianza kwa kuomba nusu siku tu, amwagilie vitunguu swaumu vyake. Nusu siku ikawa siku, siku ikawa wiki. Aliyelalamika mkutanoni, kesho yake bomba la mtaa wake lilikauka, tukaambiwa limepasuka. Zahanati ilichotewa maji kwa ndoo huku matuta yake yakilowa tangu asubuhi mpaka jioni. Kila mtu aliona na kila mtu alinyamaza, na mimi nilikuwemo, kwa sababu nyumba za walimu zina bomba. Naandika hili kwa aibu.

Halafu, Februari ya mwaka jana, Mzee Qamara akafa.

Nyumba ilijaa watu na hapakuwa na maji ya kumwosha, mabomba yote, hata la walimu, yakiwa yamefungwa. Severina alikwenda mwenyewe shambani kwa Baltazar. Akamwamkia. Akamwomba afungulie mabomba ya kijiji kwa muda wa kujaza madumu mawili tu. Baltazar hakuinua hata kichwa.

"Subiri nimalize matuta haya mawili," alisema. "Marehemu hana haraka."

Matuta mawili yakawa manne, na jua likapanda. Yule mzee aliyewaonyesha watu chemchemi, mzee ambaye bila yeye Baltazar angekuwa mtu wa kawaida tu mwenye vidole kumi, alioshwa kwa maji ya lambo yaliyochujwa kwa khanga. Upande mmoja wa khanga ile niliushika mimi. Niliona rangi ya maji yale, na nikiwa peke yangu bado naiona.

Severina hakupiga kelele. Aliporudi kutoka makaburini alianika ile khanga, na Jumapili iliyofuata alifungua kibanda kama kawaida. Kwa mwaka mzima nilidhani amesamehe, nikamkasirikia na yeye.

Mwaka huu, Jumapili moja ya mwezi wa tatu, alituletea picha ya anga za juu. Kulikuwa na kamanda mmoja mrefu, ambaye Severina alimwita Wolfgang, maana wahusika wake wote huwapa majina ya parokiani. Nusu ya kwanza Wolfgang aliwaokoa watu wa sayari kavu, akachimba mwamba kwa mashine ya moto, akabebwa juu juu. Baltazar, ambaye benchi la mbele ni lake, alimpiga jirani yake begani.

"Unaona? Uongozi ni kuteseka."

Nusu ya pili kamanda akageuka. Alivaa nguo nyeusi, akazima taa za mji mzima, akawafungia wenzake nje ya chombo wakafa wakigonga kioo. Hayo tuliyaona kwa macho, hayakuhitaji mtafsiri. Kisha akasimama dirishani akizungumza taratibu na mama mmoja aliyevaa kijivu. Mimi nilimsikia vizuri. Alikuwa anauliza mafuta ya chombo yamebaki kiasi gani.

Severina akaisogeza maikrofoni karibu na mdomo.

"Ati amekufa? Yule mzee aliyenionyesha maji ya sayari hii? Haya, mzikeni. Maji ya kumwoshea sitoi, namwagilia bustani yangu kwanza. Marehemu hana haraka."

Tulijua maneno yale yalitoka kinywani mwa nani, yalikuwa yamezunguka kijiji kizima tangu msiba. Mtu mmoja tu hakujua. Baltazar alikuwa ameyasahau! Aliyasema, akamaliza matuta yake, akaenda kula. Katika maovu yake yote sijaona linaloniuma kama hilo.

Akasimama, ameghadhibika kwelikweli.

"Haiwezekani! Severina, unatia chumvi. Mwalimu Kissa, wewe ndiye mwenye Kiingereza. Kweli amesema hivyo?"

Nilifikiria bomba la nyumbani kwangu. Nikafikiria ile khanga.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Amesema hivyo hivyo, neno kwa neno."

"Basi huyo si mtu!" Baltazar alitema mate chini. "Kwetu mtu wa namna hiyo hasalimiwi. Hata mtoto mdogo asimwamkie!"

Huku kwa Wairaqw maneno hayo si ya kutupa hovyo. Anayewatendea wote ubaya hunyamaziwa na wote. Haamkiwi, hapewi moto, hasaidiwi kuvuna, mpaka arudishe alichochukua. Mzee akishatamka mbele ya watu, imetamkwa.

Severina akazima televisheni, picha ikiwa haijaisha.

"Mmesikia," alisema kwenye spika. "Mzee mwenyewe ameshasema."

Tulitoka nje juani. Baltazar alitangulia kusimama mlangoni, mahali anapopokea shikamoo zake kila Jumapili. Wa kwanza akapita kimya. Wa pili akapita. Watoto wakapita wameinamisha macho. "Hamjambo?" akauliza, na hakuna aliyejibu. Mzee Nicodemo, rika lake aliyechimba naye mtaro, alisimama mbele yake, akautazama ule ufunguo shingoni, akaenda zake. Hapo nikauona uso wa Baltazar ukibadilika. Alikuwa amekumbuka. Na mimi nikapita bila salamu, na sitadanganya, nilijisikia vizuri.

Alivumilia siku tisa. Vitunguu vyake viliiva, hakuna aliyekwenda kung'oa. Siku ya kumi mkewe, Agatha, aliuleta ufunguo kwenye kamati ameufunga kwenye kitambaa, na kamati ikampa Severina.

Kesho yake asubuhi tulipanga foleni bombani, maji yakitoka kwa nguvu. Baltazar alikuja na ndoo yake akasimama nyuma kabisa. Zamu yake ilipofika, yeye ambaye zamani hakuanza kumsalimia aliye mdogo kwake kwa umri, alisema kwa sauti ya chini, "Hujambo, Severina?"

Severina aliijaza ndoo mpaka ikafurika, akafunga bomba, akamsogezea.

"Maji chukua, Baltazar," alisema. "Shikamoo kamwombe baba yangu."