Nilimfungia Geti Mkimbizi, Mama Yangu Akiwa Ndani

Kosa ni langu, simsingizii mtu wala shetani. Jina nalificha kwa ajili ya mama yangu tu. Hapa Kasulu wenye kunijua wameshanijua, na wanaonisengenya waendelee!

Kigango chetu cha Kikatoliki kina groto, pango dogo la mawe la kusalia, la mtakatifu msimamizi wa wahamiaji, yule sista aliyevuka bahari kwenda kuwahudumia watu waliodharauliwa ugenini. Mama ndiye aliyeipigania groto hiyo. Yeye alikuja nchi hii akikimbia vita Burundi, mimi nikiwa mgongoni. Alibeba mawe kichwani mpaka ikaisha, kisha mimi nikapewa ufunguo wa geti. Nilivimba kichwa, acheni tu!

Mwaka 2015 Warundi wakaanza kumiminika upya kambini Nyarugusu. Mjini maneno yakawa mengi, wakimbizi hivi, wakimbizi vile. Cheti changu cha uraia ninacho, lakini niliingiwa na woga, nikaacha hata kusalimiana kwa Kirundi sokoni. Kamati ya kigango iliposema kila anayeingia grotoni aonyeshe barua ya jumuiya yake ya kanisa, nilipiga makofi kuliko wote. Mjinga mimi!

Jumamosi moja akaja mama mmoja kutoka kambini, vumbi hadi magotini, kibali cha siku moja mkononi. Mwanawe alimpotea wakati wanavuka mpaka. Alinieleza yote kwa Kirundi, akamalizia, "Ndasaba gusenga gusa." Anaomba kusali tu, jamani!

Nikamjibu kwa Kiswahili cha redioni, "Sielewi unachosema. Barua ya jumuiya iko wapi?"

Mwenyekiti wetu wa jumuiya, Muha wa hapahapa, alikuwa nyuma yangu. "Weye! Mimi Muha nimemwelewa neno kwa neno, wewe Mrundi umeshindwaje?"

Wanawake waliokuja kusali wakacheka. Kumbe nilikuwa namdanganya nani! Badala ya kuona haya nikapandwa na hasira. Nikavuta geti, nikabana kufuli mbele ya uso wa yule mama. Akaniangalia kidogo, akageuka akaondoka.

Ndipo mama yangu akatokea nyuma ya sanamu na ufagio wake. Nilikuwa nimemfungia ndani! Akashika nondo za geti.

"Na mimi," akaniuliza, "barua yangu iko wapi?"

Nilipofungua akaniambia, "Mkimbilie, mwanangu. Bado hajafika mbali."

Sikukimbia. Wanawake walikuwa wananitazama, nikaona aibu kumkimbilia mkimbizi barabarani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kufuli.

Kesho yake mama alifunga nguo zake akaenda kwa kaka yangu Buhigwe. Hakugomba hata kidogo. Afadhali angenitukana!

Jumapili ya wiki iliyofuata, wakati wa matangazo kanisani, nilisimama nikaungama kwa Kirundi, kwa sauti, kanisa zima likinisikia. Kisha nikachukua nyundo nikaling'oa lile geti. Kamati ikanivua cheo. Wanivue! Mume wangu akasema nimemwaibisha. Nikamwambia, "Baba Joni, ulioa Mrundi, ulifikiri umeoa nani?" Geti halijarudi mpaka leo, na anayetaka kulirudisha aje anione.

Lakini yule mama sijampata. Nimekwenda Nyarugusu mara tatu, napita hema kwa hema, nauliza. Watu wananiuliza jina lake nani. Sijui! Alisimama mbele yangu muda wote ule, mimi nikamuuliza barua.

Wewe uliyepewa ufunguo wa nyumba ya sala, na wewe unayejifanya husikii lugha iliyokulea, tazama mimi. Sikilizeni, acheni tabia hiyo! Waliokuwa wakicheka siku ile wameshasahau, wanaendelea na mambo yao.

Mimi nikimpigia mama simu anapokea, ananiuliza, "Umempata?" Nikisema bado, anakata.